Mikate ya Ndiga ya Langoni

Kazi ya kwanza ya Mwanne kila asubuhi ilikuwa kushuka kijitoni kutazama tenga la ndiga. Tenga hilo lilizamishwa mahali ambapo maji yanayoshuka kutoka milima ya Matogoro hupita kwa kasi, likabanwa kwa mawe ili lisisombwe. Ndani yake mlikuwa na vipande vyembamba vya ndiga, kiazi cha porini chenye sumu. Miaka ya neema hakuna aliyejisumbua kukichimba. Mwaka ule watu walikichimba kwa sababu hawakuwa na kingine.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, lakini njaa iliyozaliwa na vita hivyo ndiyo kwanza ilikuwa inakomaa. Askari wa Wajerumani walikuwa wamepita kijiji baada ya kijiji wakichoma maghala na kufyeka mahindi yangali mabichi. Majaliwa, baba yake Mwanne, alikwenda vitani na hakurudi. Kijiji chao cha upande wa Namtumbo kilibaki majivu matupu. Mama yake, Mwamvua, aliwachukua watoto wake wawili, wakaja kujenga kibanda chini ya boma la Songea. Mwanne alikuwa na miaka kumi na miwili. Daimu, mdogo wake, alikuwa na minne, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba kwa njaa.

“Ndiga haibembelezwi wala haiharakishwi,” mama alimfundisha Mwanne. “Acha maji yapite, yapite tena, mpaka povu liishe na kipande kiwe cheupe. Kisha onja kwa ncha ya ulimi. Ikikuchoma, irudishe majini. Hata kama tumelala bila kula, irudishe.”

Ndiga zikishakwisha sumu majini, mama alizianika juani, akazitwanga, akachekecha unga na kuukanda. Katikati ya kila donge alitia majani ya maboga yaliyopikwa na kumbikumbi wakavu, akalifunga kwa jani la mgomba lililopashwa moto, akakaza kwa kamba ya mgomba na kuoka juu ya makaa. Mikate hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaweka hai, ingawa wao wenyewe waliila kwa nadra. Ilikuwa ikiuzwa bomani.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Bwana Bashiru, karani aliyeletwa kutoka Lindi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye tumbo bovu, aliyeshinda ofisini akiandika tangu asubuhi hadi jioni bila ruhusa ya kwenda kula. Uji wa bomani ulimdondokea kwenye karatasi. Mikate ya mama mmoja ilikuwa na mchanga, na ya mwingine ilifungwa vibaya, mchuzi ukamvujia mpaka kwenye kiwiko. Mwishowe alimwambia Bibi Zena, mjane mzee aliyeuza kuni langoni, “Bibi, nitafutie chakula kizuri cha kufungwa. Nile kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kalamu. Nikitia doa kwenye karatasi za bwana mkubwa, nitakiona cha moto.”

Bibi Zena alijaribu nyumba kadhaa kabla ya kufika kwa jirani yake Mwamvua. Bashiru alipofungua jani la kwanza na kula, alirudisha salamu: “Mwambie aliyepika, mikono yake isalimike.” Tangu hapo, kila adhuhuri Bibi Zena alipeleka mikate langoni, akarudi na kibaba cha mchele wa ghala la boma. Mchele huo ulipikwa uji wa Daimu.

Siku moja askari walikuja kuchukua wanawake wa kubeba mizigo hadi kituo kimoja cha njia ya Namtumbo. Mwamvua alikuwa miongoni mwao. Akiwa tayari na kata ya mzigo kichwani, alimgeukia binti yake.

“Ndiga nilizoloweka jana, usiziguse mpaka nirudi. Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

Kesho yake asubuhi Bibi Zena alifika kibandani akitweta. “Mwanne, mjukuu wangu, kesho makarani wanahesabu mali ya ghala na hawatatoka kabisa. Bwana Bashiru anataka mikate ya kutosha meza nzima. Ameahidi pishi zima la mchele. Mama ameacha unga?”

Chunguni mlikuwa na unga wa kujaza kiganja. Mwanne alimtazama Daimu. Mtoto alikuwa ameketi kizingitini akifukuza nzi miguuni mwake, na kila alipobonyeza ngozi kwa kidole, ilibonyea isirudi.

“Upo, bibi,” Mwanne alisema.

Mzee alipoondoka, Mwanne alikwenda kijitoni na kuinua tenga. Povu lilikuwa bado linatoka. Alichukua kipande, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Kilichoma kama upupu. Akatema, akasuuza kinywa, akasimama pale muda mrefu maji yakimpiga magotini. Kisha akajiambia kwamba jua litamaliza kilichobaki, na kama jua halitamaliza, moto utamaliza. Akazianika juu ya mwamba.

Jioni Halima, mjukuu wa Bibi Zena, alikuja kumsaidia kutwanga. Wasichana hao walikuwa rika moja. Baba yake Halima na baba yake mdogo walikuwa wamenyongwa na Wajerumani vita vilipokaribia kwisha, na sasa Halima hakuwa na mtu duniani ila bibi yake.

“Zimekwisha uchungu?” Halima aliuliza, mchi ukiwa juu.

“Zimekwisha.”

“Mbona upesi hivi? Za bibi hukaa majini mpaka nazisahau.”

“Nimekwambia zimekwisha, Halima. Twanga.”

Asubuhi Mwanne alioka mikate, akaongeza chumvi yote iliyokuwamo ndani ili ladha isitambulike. Bibi Zena alijaza kapu, akalisifu kwa harufu yake, akapanda kuelekea langoni. Mwanne alikwenda kuteka maji. Aliporudi, alimkuta Daimu amekusanya majani ya mgomba yaliyokuwa yamepasuka wakati wa kuoka, anakomba unga ulioganda juu yake kwa vidole.

“Acha!” Mwanne alipiga kelele, akamnyang’anya. Daimu alilia. Haukupita muda akaanza kukwaruza koo lake kwa kucha, kisha akatapika. Macho yake yakapinduka na mikono ikamtetemeka. Mwanne alimpa maji, akatapika tena. Akampakata, akamwita kwa jina bila kukoma.

Alikuwa bado amempakata Halima alipoingia mbio, hana hata khanga ya kichwa.

“Mwanne! Wamemkamata bibi!”

“Nani?”

“Askari! Makarani wote wanatapika. Bwana Bashiru ameanguka sakafuni, anatetemeka kama mwenye kifafa. Askari wanasema ni sumu, eti watu wa Maji Maji wanalipa kisasi. Wanasema bibi ana sababu, kwa kuwa wanawe walinyongwa.” Halima alikuwa akilia kwa kwikwi. “Wamemuuliza nani amepika. Bibi amesema ni yeye. Kwa nini amesema ni yeye, Mwanne? Si wewe uliyepika?”

Mwanne alifungua kinywa. Aliona pingu, aliona kamba, aliona Daimu akibaki peke yake kibandani. Akakifunga kinywa.

“Mikate yangu haikuwa na kitu,” alisema. “Labda wamekula kingine.”

Halima alimtazama, akamtazama Daimu, akatoka bila kuaga.

Mama alirejea jua likiwa linazama, mabega yamechubuka kwa mizigo. Daimu alikuwa ametulia, amelala, anapumua kwa shida. Mwamvua alimgusa paji la uso, akanusa matapishi yaliyokuwa kwenye mkeka.

“Amekula nini?”

“Sijui, mama. Labda maji ya kisimani.”

Mama aliinuka. Alitoka nje, akaenda kijitoni, akarudi na tenga tupu. Akaliweka chini katikati ya kibanda, akaketi upande wa pili akimtazama binti yake.

Ndipo tarumbeta la bomani lilipolia. Baada yake ikasikika sauti ya kiboko, na baada ya kila kiboko sauti ya mwanamke mzee. Mara ya kwanza sauti ile ilimwita Mungu. Baadaye haikumwita mtu yeyote, ikawa mlio tu.

“Ni mimi!” Mwanne alilipuka, ameziba masikio. “Mama, ni mimi! Nilizitoa mapema. Nilionja zikanichoma, nikazitwanga hivyo hivyo. Nilitaka mchele wa Daimu. Halima amekuja na nimemdanganya.”

Mwamvua alifumba macho. Mwanne alingoja kofi, lakini kofi halikuja. Mama alikuwa akihesabu hatari, na uso wake ulionyesha kila moja. “Wakijua ni hapa, watakuja hapa,” alisema taratibu, kama anayejisemea. “Watanichukua mimi, au wewe. Na huyu mdogo atakufa.” Kisha akasema, “Lakini yule mzee amebeba mzigo wetu, na mzigo wenyewe hakuupakia yeye. Nikinyamaza, nitamtazamaje Halima? Lango limeshafungwa sasa. Kukicha tutakwenda.”

Kulipokucha walipanda bomani, Daimu akiwa mgongoni kwa mama. Askari wa zamu aliwazuia kwa bunduki. Mwamvua alisema kwamba wana habari ya ile sumu, akaomba wamwone Bwana Bashiru, na askari akawapeleka hadi chumba alimolala. Karani alikuwa kitandani, midomo imepauka, ndoo karibu naye.

“Shikamoo, bwana,” Mwanne alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

“Marahaba.”

“Ile mikate nilipika mimi, bwana. Bibi Zena hakupika. Hakujua kitu. Ni ndiga, na hazikuwa zimekwisha sumu.”

Bashiru alijiinua kwa kiwiko. “Wewe ulijua?”

Hapo Mwanne angeweza kusema hakujua. Alikuwa mtoto, wangemwamini. Alimtazama mama yake, lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa, amemwachia mwenyewe.

“Nilijua, bwana. Nilionja, zikanichoma ulimi. Nilitaka ule mchele. Mdogo wangu anavimba.”

Karani aliegemea ukuta. “Shangazi yangu alizika mtoto kwa sababu ya ndiga,” alisema hatimaye. “Jana koo liliponiwaka nilihisi ndizo, lakini ulimi ulikuwa mzito na askari walikuwa tayari wanapiga kelele za sumu. Kisha nikalala. Nami nilipaswa kujitahidi kusema.” Akamwona Daimu, mikono yake midogo ikining’inia begani kwa mama. “Na huyu ana nini?”

“Alikomba majani ya kuokea,” Mwamvua alijibu. “Alikaribia kufa jana.”

“Basi huyo ndiye shahidi wetu. Nipeni fimbo yangu. Twendeni kabla bwana mkubwa hajaketi kuhukumu.”

Mkuu wa boma alikuwa Mjerumani mrefu aliyejua Kiswahili cha kutosha kutoa amri. Alisikiliza akiwa amesimama. Bashiru, jasho likimtoka na mkono umeshika mlango, alieleza kiazi chenyewe na jinsi kinavyolowekwa. “Bwana mkubwa,” alimalizia, “anayetaka kuua makarani wako hamwachi mdogo wake alambe majani. Hii ni njaa na haraka. Hakuna njama hapa.”

Mkuu alimkaribia Daimu, akamvuta kope la jicho, akambonyeza mguu, akatazama shimo la kidole chake likibaki pale. Kisha akamwamuru Mwanne arudie maneno yake mwenyewe. Mwanne alirudia yote tangu mwanzo, bila kuacha hata lile la kuonja. Mkuu akatoa amri zake kwa mkato: mwanamke mzee aachiliwe, chakula cha nje kisiingie tena langoni, mama wa mtoto huyu atabeba matofali mpaka ukuta mpya ukamilike. Juu ya viboko vilivyokwisha kupigwa hakusema neno.

Bibi Zena alitolewa akishikilia ukuta. Kaniki yake ilikuwa imegandana na mgongo kwa damu. Halima, aliyekuwa amelala nje ya lango, alimkimbilia na kumshika mkono wa kushoto. Mwanne alisogea kushika wa kulia.

“Usimguse bibi yangu,” Halima alisema.

Mwanne aliuacha mkono wake ushuke. Aliwafuata kwa nyuma mpaka chini, akitazama kila hatua ya mzee ilivyokuwa ngumu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Hapakuwa na mchele tena. Mama aliondoka alfajiri kwenda kwenye matofali na kurudi hawezi kunyoosha vidole. Mwanne alichimba ndiga mbali zaidi, akazichunga majini bila kuziharakisha, na walipokuwa na njaa walingoja. Kila asubuhi aliweka mtungi wa maji mbele ya mlango wa Bibi Zena, na kila asubuhi Halima aliyamwaga bila kumtazama. Mwanne alikwenda kuteka mengine. Bwana Bashiru alipopata nguvu, alishuka siku moja jioni na konzi ya mchele aliyoiweka akiba katika posho yake, akaigawa nusu kwa Daimu na nusu kwa mzee, akaondoka bila maneno mengi. Watu walimwogopa mkuu wa boma, naye pia alimwogopa.

Asubuhi moja Halima hakuyamwaga maji. Alisimama mlangoni, akasema kwa sauti kavu, “Bibi anakuita.”

Bibi Zena alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka. Vidonda vya mgongoni vilikuwa vimeanza kukauka pembeni, lakini katikati bado vilikuwa vibichi. Mwanne alipiga magoti.

“Nisamehe, bibi.”

“Kaa. Na wewe Halima, kaa.” Mzee alipumua kidogo kwanza. “Unataka kujua kwa nini nilisema nimepika mimi. Wanangu wawili walikufa kwenye boma lile, hata miili yao sikupewa nizike. Nilipoulizwa, nikasema moyoni, boma hili halitamla mtoto mwingine wa mtaa huu.”

“Kwa hiyo ulidanganya,” Halima alisema, machozi yakimlengalenga. “Ukaniacha mimi.”

“Nilidanganya. Na uongo wangu, ingawa niliutoa kwa huruma, ulikaribia kukufanya yatima mara ya pili. Ndiyo maana nawaita wote wawili, maana somo hili ni letu sote.” Akageuza kichwa amtazame Mwanne. “Kosa lako la kwanza lilikuwa la njaa. Chakula unachompa mtu ni uhai wake aliouweka mikononi mwako, awe rafiki au mtu wa boma, na usimpe usichoweza kumlisha mdogo wako. Lakini hilo ningekusamehe siku ile ile, kwani nani hapa hana njaa? Kosa la pili lilikuwa la ulimi. Halima alipokujia ulikuwa na neno moja tu la kusema, ukalimeza. Jua lilikuwa bado juu, lango lilikuwa wazi. Sumu ya ndiga waliitapika, ikakwisha. Lile neno ulilomeza, lilikuja kutokea mgongoni mwangu.”

Mwanne alilia kimya, uso ameuficha magotini.

“Usilie tu, sikia na lililobaki,” mzee alisema. “Bwana Bashiru ameniambia ulivyojibu. Ungeweza kusema hukujua, hukusema hivyo. Kama ungenyamaza na asubuhi ile, leo ningekuwa pale walipo wanangu. Ukweli wako ulichelewa, mjukuu wangu, lakini ulifika. Maisha yako yaliyobaki, usiucheleweshe tena.”

Kisha Halima akainuka, akaleta kibakuli cha dawa ya majani yaliyopondwa, akakiweka sakafuni katikati yake na Mwanne.

“Osha mikono,” alisema. “Wewe upake upande huo. Mimi nitapaka huu.”